Aliyeshika kamera alisimama upande gani?

Wengi wetu tuliofundishwa historia tumewahi kuambiwa kwamba picha haisemi uongo. Kauli hiyo ina ukweli wake, lakini ingefaa ipimwe kwa picha za Guangzhou, mji mkubwa wa kusini mwa Uchina ambao Waingereza waliuita Canton.

Mji huo ulipigwa mizinga mwishoni mwa Desemba 1857, katika Vita vya Pili vya Afyuni, kisha ukatekwa na majeshi ya Uingereza na Ufaransa. Mtawala wake, Ye Mingchen, alikamatwa Januari 1858 na kusafirishwa hadi Calcutta, ambako alifariki mwaka uliofuata. Wageni hawakuondoka hadi Oktoba 1861. Ni katika kipindi hicho ambapo baadhi ya picha za kale zaidi za Guangzhou zinazojulikana leo zilipigwa.

Ni nani waliozipiga? Wahandisi wa jeshi la Uingereza walikuwa wameanza kufunzwa kazi hiyo huko Chatham mwaka wa 1856. Kwao kamera ilikuwa chombo cha kazi kama dira na kamba ya kupimia: ilionyesha urefu wa ukuta, mahali pa lango, mkao wa ngome. Felice Beato, mzaliwa wa Venice, aliyefika Hong Kong Machi 1860 na Guangzhou mwezi uliofuata, hakuwa askari bali mfanyabiashara wa picha. Hata hivyo, alifuatana na jeshi, na maofisa wa jeshi hilo walikuwa miongoni mwa wanunuzi wake.

Mwanafunzi akizitazama picha hizo huona paa, minara na njia tupu. Atadhani kwamba mji ulikuwa umelala, au kwamba wenyeji walikuwa wameridhika na hali yao. Kumbe sababu moja ni kioo chenyewe. Siku hizo kioo kilipakwa dawa ya kolodioni, kikatiwa ndani ya kamera kingali kibichi, na kuachiwa mwanga kwa sekunde kadhaa. Mchukuzi aliyepita na mzigo wake hakuacha hata kivuli. Aliyesimama tuli ndiye aliyeonekana. Hilo halikuwa kosa la mpiga picha. Lakini mji usio na watu, uliotazamwa kutoka juu ya ukuta ulioshikwa na askari wa kigeni, ulimfaa sana mtawala.

Wala kioo hakiwezi kulaumiwa kwa yote. Tarehe 21 Agosti 1860, majeshi hayo hayo yalipoiteka ngome ya Taku huko kaskazini, Beato aliingia humo maiti wakiwa bado wametapakaa. Daktari wa jeshi la Uingereza, Rennie, aliandika jinsi mpiga picha huyo alivyosisimka, akaomba maiti wasiguswe mpaka amalize kazi yake. Maiti hao walikuwa Wachina. Washindi nao walipoteza watu siku hiyo, lakini hawaonekani katika picha hizo. Maiti hatembei, hapo aliyechagua si kioo.

Isidhaniwe kwamba Wachina hawakuijua sanaa hiyo. Zou Boqi, msomi wa wilaya ya Nanhai, papo hapo Guangzhou, alikuwa ameunda kamera yake katika miaka ya 1840. Ujuzi ulikuwapo. Jeshi lililouzunguka mji, meli za kuzisafirisha picha hadi London na soko lililozingoja huko ndivyo alivyovikosa.

Je, picha hizo zitupwe? La hasha. Ukuta wa Guangzhou ulibomolewa karibu wote katika karne ya 20, na bila vioo vile tusingeujua vyema. Ninachodai ni kwamba maandishi ya chini ya picha yaseme kweli nzima. 'Mandhari ya Guangzhou' hayatoshi. Yaandikwe 'Guangzhou mwaka wa 1860, mji ukiwa umekaliwa na majeshi ya Uingereza na Ufaransa'. Hata sisi, ambao Uingereza ilitutawala hadi 1963, tunazo picha za aina hiyo vitabuni mwetu.

Watahini nao wamzoeze mtahiniwa kueleza mpiga picha alisimama wapi, alilindwa na nani, na ni nani aliyepita bila kuonekana. Maswali hayo hayahitaji kitabu kipya. Yanahitaji mwalimu aliye tayari kutumia kipindi kizima kwa picha moja.