Njeo na vielezi vya Kiingereza: Mtihani unaowasubiri watoto wa 2028

JANUARI 2028 makundi mawili ya wanafunzi wa shule za msingi za Serikali, Tanzania Bara, yanatarajiwa kuingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Moja litakuwa limemaliza darasa la saba na jingine darasa la sita, kutokana na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024. Yanapotajwa makundi hayo, kwanza huzungumzwa vyumba vya madarasa, madawati na idadi ya walimu. Ni nadra kusikia mtu akiuliza iwapo watoto hao watakuwa wanajua tofauti ya “he goes” na “he went”.

Swali hilo si dogo. Watoto walioanza darasa la kwanza kabla ya 2024 walisoma chini ya utaratibu uliotilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu, huku somo la Kiingereza likianzia darasa la tatu. Kwa hesabu hiyo, kundi litakaloishia darasa la saba litakuwa limesoma Kiingereza miaka mitano, na wale wa darasa la sita miaka minne tu. Kisha wote watakaa dawati moja na kufundishwa Baiolojia na Jiografia kwa lugha hiyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote, lakini sekondari haikubadilika.

Katika Kiingereza, mahali ambapo mtoto huanguka mapema ni kwenye njeo, yaani nyakati za kitenzi. Mara nyingi lawama huangukia uvivu wa mwanafunzi au udhaifu wa mwalimu. Hata hivyo, makosa yenyewe yakichunguzwa kwa makini, huonekana kuwa na mpangilio, na mpangilio huo unatoka katika Kiswahili.

Chukua mtoto anayeandika kisa kifupi: “He went to the market, buy mangoes and return home.” Mwalimu hupiga mistari miwili ya wino mwekundu. Lakini mtoto huyo ameandika kama alivyolelewa kusimulia: alikwenda sokoni, akanunua maembe, akarudi nyumbani. Katika Kiswahili, -li- ikishatajwa mara moja, vitenzi vinavyofuata hubebwa na -ka-. Kiingereza hakina -ka-. Kila kitenzi hudaiwa alama yake ya wakati uliopita. Asipoelezwa hivyo waziwazi, atarudia kosa hilo mpaka kidato cha nne.

Ndivyo ilivyo pia kwa -me-. “Mtoto amelala” humaanisha kwamba yuko usingizini sasa hivi, na Kiingereza husema “the child is sleeping”. Mwanafunzi aliyekaririshwa kwamba -me- ni “has” ataandika “the child has slept”, na msomaji ataelewa kwamba mtoto ameshaamka. Mtego huohuo umo katika amevaa, amekaa na amesimama.

Cha kushangaza ni kwamba lugha hiyohiyo inayozaa makosa ndiyo yenye dawa ya baadhi yake. Kosa la “did not cooked” ni mfano mzuri. Hakuna mtoto wa Kitanzania anayesema “hakulipika”. Anajua bila kufundishwa kwamba -ku- ya kukanusha ikishaingia, -li- huondoka, na wakati hautajwi mara mbili. Kiingereza nacho hukataa kuutaja mara mbili: “did” ikishaubeba wakati uliopita, kitenzi hurudi katika umbo lake la awali. Maelezo hayo huchukua dakika tano. Lakini katika shule nyingi Kiswahili hupigwa marufuku katika kipindi cha Kiingereza, na mwalimu hubaki na jedwali la njeo ubaoni, ambalo darasa huliimba kwa sauti moja.

Vielezi navyo hufundishwa kana kwamba ni somo jingine kabisa. Wanafunzi huambiwa waongeze “-ly” mwishoni mwa kivumishi, basi. Matokeo yake, anayetaka kusema baba yake anafanya kazi kwa bidii huandika “my father works hardly”, na bila kukusudia anamtangaza mzazi wake kuwa hafanyi kazi karibu kabisa. Kiswahili chenyewe kingeweza kumtahadharisha: husemwa vizuri na vibaya, lakini hakuna anayesema “viharaka” wala “vipolepole”.

Zaidi ya hapo, vielezi vya wakati ndivyo vinavyoamua njeo ipi itumike. “Yesterday” hudai wakati uliopita, “every day” hudai mazoea, na “since” huja na kitu kilichoanza zamani na kinachoendelea. Mswahili huyabeba mengi ya hayo ndani ya kitenzi chenyewe: hu- ya hula ni mazoea, -ja- ya hajala ni jambo ambalo bado, -sha- ya ameshakula ni jambo lililokwisha. Kiingereza hulazimika kutafuta neno la pembeni, “usually”, “yet” au “already”. Kumfundisha mtoto njeo muhula wa kwanza na vielezi muhula wa pili ni kumkabidhi kufuli leo na ufunguo baada ya likizo.

Mitihani nayo haisaidii sana. Maswali mengi ya kumaliza elimu ya msingi ni ya kuchagua, na mtoto anaweza kutia kivuli jibu sahihi la njeo bila kuwahi kuandika aya moja yake mwenyewe. Mwalimu mwenye darasa lililofurika, hasa tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, hawezi kusahihisha insha za wanafunzi wote kila wiki. Anachoweza ni sentensi tatu kwa kila mtoto, zenye jana, kila siku na bado.

Hali hii haikuanza leo. Ripoti ya Criper na Dodd ya 1984 ilikwishaonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari nchini hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo yao. Wengi wa walimu waliopo sasa walipitia madarasa yaliyokuja baada ya ripoti hiyo, na jedwali wanalochora ubaoni ni lilelile walilochorewa wao.

Wazazi wenye uwezo wamekwishatafuta njia yao katika shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza. Waliobaki katika shule za Serikali watafika Januari 2028 na miaka minne au mitano mkononi, na mwalimu wa kidato cha kwanza atawaanzishia wote ukurasa mmoja.