Mikono Kwanza, Kisha Sindano

Moyo wa mgonjwa unaposimama wodini, jambo la kwanza kudaiwa mara nyingi ni adrenalini. Ndugu nao hutulia waonapo sindano. Imani hiyo yafaa ipimwe upya.

Adrenalini ina nafasi yake: miligramu 1 mshipani, kila baada ya dakika 3 hadi 5, na itolewe mapema pale ambapo mashine ya kushtua moyo haifai. Hata hivyo, utafiti uliofanyika Uingereza na Wales na kuchapishwa mwaka 2018, kwa wagonjwa zaidi ya 8,000 ambao mioyo yao ilisimama nje ya hospitali, ulionyesha kuwa baada ya siku 30 walikuwa hai asilimia 3.2 ya waliopewa dawa hiyo, na asilimia 2.4 ya waliopewa maji ya chumvi. Walionusurika na ubongo timamu hawakuongezeka kwa kiasi cha kutegemewa.

Kinachobeba uhai ni mikono: kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 au zaidi kidogo, bila kusitasita. Kazi hiyo haingoji ufunguo wa kabati la dawa.

Basi hospitali inayohesabu vichupa kila asubuhi, lakini haiwafanyishi watumishi wake mazoezi, imejiandaa nusu. Na ndugu aonapo jasho la muuguzi juu ya kifua cha mgonjwa wake, ajue kuwa tiba imekwisha kuanza.