Jembe peke yake haliiwezi ndago

Masika yakianza, majembe hutoka na bustani za nyuma ya nyumba hupaliliwa zikang'aa. Wiki mbili hazipiti, ndago imerudi, tena imeongezeka. Wengi huilaumu mvua. Mimi nailaumu palizi. Chimbua shina moja taratibu uone: chini kuna kinundu cheusi, kigumu, na kutoka hapo mzizi mwembamba kama uzi unakwenda hadi kinundu cha pili, kisha cha tatu. Vikiwa vimeungana, vingi hulala. Jembe likikata uzi, kila kimoja huamka na kuchipua kivyake, kwa hiyo mpaliliaji ameipanda upya. Si ajabu kwamba mwaka 1977 mtaalamu LeRoy Holm na wenzake waliitaja ndago kuwa gugu baya kuliko yote duniani, wakiikuta katika nchi zaidi ya 90.

Watu watasema wazee wetu walilima kwa jembe na wakavuna. Ni kweli, lakini mashamba yao yalipumzishwa, na kunde, maboga na viazi vitamu vilifunika ardhi. Ndago haistahimili kivuli. Bustani ya leo ina mistari ya mchicha na sukuma wiki, jua tele katikati na maji kila jioni. Ukitaka kuifuga ndago, ungefanya hivyo hivyo. Wengine watakimbilia dawa. Glaifoseti hupita kwenye majani mabichi ikashuka hadi kwenye vinundu, ila kinundu kilicholala hakina jani la kuipokea, na tone likiangukia mchicha, nao unakufa. Hata karatasi la nailoni lililotandazwa juu ya udongo haliisumbui ndago. Ncha yake hulitoboa.

Kinachofaa ni subira. Wakati wa kiangazi, chimbua kwa uma wa shambani usiokata mizizi, okota vinundu, vianike juani mpaka vinyauke, wala usivitupe kwenye shimo la mboji. Kisha panda matembele yaliyobanana msimu mzima, na kila chipukizi linalojitokeza ling'oe mapema, kabla halijazaa vinundu vipya. Kwamba utakosa mchicha msimu mmoja si hoja nzito, maana matembele nayo ni mboga. Na kabla hujanunua samadi au miche ya kwenye makopo, pekua udongo wake kwa vidole. Ukikuta kinundu kimoja, mrudishie muuzaji.