Dinu Lipatti na valsi ya kumi na nne



Wanaosimulia maisha ya wapiga piano wakuu hupenda hesabu: maonyesho mangapi, miji mingapi, rekodi ngapi. Kwa hesabu hiyo Dinu Lipatti ni mtu mdogo. Aliishi miaka 33 tu, safari zake za Marekani na Australia zilivunjika kwa ajili ya ugonjwa, na sahani alizotuachia ni chache. Hata hivyo, zaidi ya miaka sabini tangu kifo chake, wenye kuijua kazi hii humtaja kwa sauti ya chini, kama watu walio mbele ya altare. Sisi twaona ya kuwa wana haki ya kumheshimu, lakini mara nyingi humsifu kwa jambo lililo dogo na kulipita lililo kubwa.

Alizaliwa Bucharest, nchini Romania, mwaka 1917, katika nyumba ya muziki: baba mpiga fidla, mama mpiga piano, na baba yake wa ubatizo ni George Enescu, mtunzi mkuu wa taifa lile. Mwaka 1933 alishindana Vienna, akapewa nafasi ya pili. Alfred Cortot, mmoja wa waamuzi, alichukizwa na hukumu hiyo hata akajiuzulu, kisha akampokea kijana yule mjini Paris awe mwanafunzi wake. Huko alifundishwa pia na Paul Dukas na Nadia Boulanger. Mwaka 1943, vita ikiendelea, alihamia Geneva, akawa mwalimu katika konservatori ya mji ule. Ndipo ukamshika ugonjwa wa Hodgkin, kansa ya tezi, ambao siku zile haukuwa na dawa ya kuuponya.

Walter Legge, aliyesimamia rekodi zake, alisimulia jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko sifa zote. Lipatti alipoombwa kupiga konseti ya Tchaikovsky, alitaka apewe miaka mitatu ya kujiandaa. Kwa konseti ya Beethoven iitwayo « Emperor », alitaka minne. Hakuwa mwanafunzi dhaifu. Alikuwa na vidole ambavyo wenzake walivionea wivu. Lakini aliwafundisha wanafunzi wake kwamba muziki hautumiwi, bali hutumikiwa, na mtumishi hapeleki mezani chakula ambacho hakijaiva.

Mtu aweza kutupinga hapa, na hoja yake si nyepesi. Miaka minne hakuipata. Rekodi yake ya « Emperor » hatunayo, na kama angekuwa na haraka kidogo, huenda tungekuwa nayo. Hasara hiyo ni ya kweli, wala hatutaki kuipaka sukari. Twasema tu kwamba mtu yule yule asiyekuwa na haraka ndiye aliyetuachia partita ya kwanza ya Bach jinsi alivyoiacha. Huwezi kumtaka apige vile, halafu ukamtaka awe mtu mwingine.

Katika kiangazi cha 1950 alipewa kortisoni, dawa iliyokuwa mpya na ya bei kali. Nguvu zikamrudia kwa majuma machache. Legge akaleta mitambo Geneva, na katika mwezi wa Julai Lipatti akarekodi valsi 14 za Chopin pamoja na kazi nyingine. Kisha dawa ikamwacha. Tarehe 16 Septemba alikuwa ameahidi kupiga Besançon, Ufaransa. Daktari alimsihi asiende. Yeye akajibu kwamba ameahidi. Akapiga Bach, Mozart na Schubert, halafu akaingia katika valsi zile 14. Alipiga 13. Kwa ile ya mwisho mikono ilimkatalia. Akanyamaza kidogo, kisha akapiga utenzi wa Bach ambao Myra Hess aliugeuza kwa piano, unaomwita Yesu furaha ya wanadamu. Tarehe 2 Desemba alifariki.

Hapo ndipo simulizi huharibika. Husemwa kwamba mateso yalimpa sauti ile, kwamba mauti yasikika chini ya vidole vyake. Sisi hatukubali. Homa haimfundishi mtu kupiga piano. Na tuna ushahidi wa ajabu kidogo: kwa miaka mingi iliuzwa rekodi ya konseti ya kwanza ya Chopin yenye jina la Lipatti, na watu wakaipenda kama yake. Mwaka 1981 ikabainika kwamba mpigaji ni Halina Czerny-Stefańska wa Poland, mmoja wa washindi wawili wa mashindano ya Chopin ya Warsaw mwaka 1949, naye alikuwa bado hai! Kama walikuwapo waliosikia humo pumzi za mgonjwa, walizileta wenyewe.

Tunachokisikia Besançon ni kazi ya miaka iliyotangulia, nayo ilikuwa imara kiasi cha kubeba mwili ulioshindwa. Wako wanaomlaumu kwamba aliitupa afya yake kwa onyesho moja. Afya hakuwa nayo tena. Alikuwa na ahadi. Tena hakuitimiza kwa kulipua. Aliyeomba miaka minne kwa ajili ya Beethoven ndiye aliyeacha valsi moja isipigwe, kuliko kuipiga vibaya mbele ya watu ambao wangemsamehe yote.

Redio ilinasa jioni ile, na rekodi inapatikana. Utenzi wa Bach haumo; wanaoujua ni waliokuwa ukumbini tu. Valsi iliyokosekana ni ile ya La bemoli, opus 34 namba 1. Anayetaka kuisikia na aitafute katika sahani za Julai, alipokuwa bado na nguvu.