Ukimaliza Mchezo, Kazi Ndiyo Kwanza Yaanza

Huenda kisa hiki si kigeni nyumbani kwako. Mtoto ameshinda mbele ya televisheni akicheza Super Mario Bros. katika mtambo wa zamani aliourithi kwa mjomba wake. Jioni anaruka kwa furaha: amemaliza! Unamwambia, "Vyema, sasa zima, baba yako atazame habari." Mara anaangua kilio.

Usimwone mtukutu. Ana sababu.

Mchezo huo, uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka wa 1985, hauishi pale binti mfalme anapookolewa. Mchezaji huambiwa abonyeze kitufe cha B, achague mojawapo ya zile dunia nane, kisha aanze safari ya pili. Mandhari ni yale yale, lakini Goomba, wale viumbe mfano wa uyoga, hawapo tena. Mahali pao wamekuja Buzzy Beetle wenye gamba gumu, ambao mipira ya moto ya Mario haiwadhuru hata chembe. Maadui wanakwenda mbio zaidi, na vibao vya kusimamia angani vimefupishwa. Pale alipokuwa akipita kama anayekwenda dukani, sasa patamtoa jasho.

Kaseti yenyewe haina uwezo wa kuhifadhi alipofika. Mtambo ukizimwa, safari ya pili imepotea, na hana budi kuanza tena na Goomba.

Kwa waundaji hiyo ilikuwa njia ya kubana matumizi. Mchezo mzima ulitoshea katika kilobaiti 40, nafasi ndogo kuliko picha moja ya simu ya siku hizi. Kwa kubadilisha adui mmoja na kupunguza vibao, walipata mchezo wa pili karibu bure.

Wengine hawakuwa na adabu hiyo. Katika Ghosts 'n Goblins ya Capcom, pia ya 1985, shujaa Arthur akigongwa mara moja hubaki na chupi tu (watoto hucheka sana hapo). Akifika mwisho anaambiwa yote yalikuwa hila ya shetani, arudi mwanzo, tena mambo yakiwa magumu zaidi. Binti mfalme haokolewi mpaka amalize mara ya pili. Mimi nauita huo ulaghai, hasa kwa kuwa mchezo ulianzia katika mitambo ya kutiwa sarafu. Mario humpa mtoto ushindi wake kwanza, halafu humuuliza kama anataka zaidi. Mwalimu anayekupa alama zako zote pamoja na swali gumu la ziada si sawa na yule anayekuficha karatasi.

Basi jioni ya leo, taarifa ya habari ikikaribia, badilisha stesheni ya televisheni lakini swichi ya mtambo usiiguse. Uache uwake. Baada ya habari na chakula, muulize Buzzy Beetle anauawaje ikiwa moto haumwingii. Atakueleza mpaka usingizi ukushike.