Sehemu ya 9: Gitaa moja baada ya zamu ya usiku

Mama zangu na wadogo zangu wa Samuye na kwingineko, leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Naongelea kelele.

Asubuhi redio, mchana spika ya jirani, jioni TV inawaka hata hakuna anayeangalia, na kichanga yuko katikati ya yote hayo. Usiku akilia tunaulizana amepatwa na nini. Mimi mwenyewe ni hivyo hivyo. Natoka zamu ya usiku kichwa kinagonga, wa kwangu wa miezi saba hataki kulala, nafungulia muziki mkubwa ili nisimsikie. Ndiyo, nesi mzima.

Siku moja simu ikaniletea kijana kakaa kitandani kwake anapiga gitaa kavu, lile lisilo na umeme. Peke yake, hana ngoma wala kinanda. Kaandika kwamba ni "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco. Mtoto akanyamaza, na mimi pia nikanyamaza. Nikamtafuta huyo Mwenda.

Kumbe ni mtu wa Katanga, Kongo, aliimba Kiswahili cha kwao. Wimbo huo alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Ukisikiliza utabisha kuwa ni mtu mmoja: kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinachezea nyuzi za juu, unahesabu magitaa mawili. Mwaka 1969 alipiga hadi Newport, Marekani. Na kuna wakati akiwa Nairobi alitumika kutangaza Aspro redioni. Hapo nilicheka! (Aspro ni aspirini jamani, mtoto usimpe bila daktari kusema.)

Sasa msininukuu vibaya. Gitaa halitibu. Mtoto ana homa, hanyonyi, anapumua kwa shida au amepata degedege, acha simu, kimbia kituo cha afya. Nasema yule aliyeshiba, mkavu, ila anasumbua tu. Huyo na mama yake wanahitaji utulivu, na mimi naona gitaa moja la taratibu linafaa kuliko hizo spika zetu. Weka sauti ya chini, uweze kuongea kawaida bila kupaza. Simu usiiweke sikioni kwake wala mtoni, iwe mbali, kioo kimelalia meza. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema aliye chini ya mwaka mmoja asiangalie kioo kabisa. Hapa wengi tunakosea, tunampa simu ashike ili tupike.

Baba watoto alilalamika namaliza bando. Sawa, lakini kupakua mara moja ukasikiliza wiki nzima siyo kumaliza bando. Na hao vijana wanaojirekodi chumbani hawana promota, wanaishi kwa sisi kuwafuata na kuwatumia wenzetu.

Mama mkwe yeye alisema nyimbo za Kisukuma za kubembeleza zinatosha. Sikumbishia. Sauti ya bibi mtoto anaijua tangu anazaliwa, gitaa la kwenye simu haliwezi kuishinda. Ila bibi naye anachoka, na mimi nikirudi zamu sina hata sauti ya kuimba.

Jana jioni ndiye aliyeniuliza: "Yule wa gitaa leo yuko wapi?" Simu haikuwa na chaji, umeme ulikatika tangu mchana. Akamchukua mjukuu, akaimba mwenyewe.