Nani Kasema Mswahili Hatelezi?

Kuna mhariri mmoja, jina lake namhifadhia, alinirudishia makala yangu kuhusu wiki moja ya kuteleza kwenye theluji kule Austria. Alinijibu kwa mstari mmoja tu: mada haina Uswahili. Hakusema lugha ni mbovu, wala hakusema makala imepwaya. Haina Uswahili, basi. Kauli hii nimeshaisikia kwa wengi, kwa maneno tofauti tofauti, na leo nataka tugombane kidogo.

Tuanze na lugha yenyewe. Neno barafu, hilo tunalolitia kwenye juisi ya ukwaju, asili yake ni Kiajemi, na kwa Waajemi maana yake ni theluji, hii hii inayodondoka. Theluji nayo tumeitoa kwa Waarabu. Mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona ule weupe juu ya Kilimanjaro, kiongozi wake wa njia aliuita kwa neno moja: baridi. Kule London mwanajiografia William Desborough Cooley akabisha kabisa, eti theluji karibu na ikweta haiwezekani. Yaani bwana mkubwa hajainuka mezani kwake, lakini anatukatalia theluji yetu! Sasa yeye hayupo, tunajikatalia wenyewe.

Na si kwamba fasihi yetu haina theluji. Hadithi za ughaibuni zimejaa theluji, ila ya aina moja: inamwangukia mhusika akitoka zamu ya usiku, viatu vimelowa, simu inaita, nyumbani wanauliza pesa mbona hazijafika. Sizibezi hadithi hizo, maisha hayo yapo na nayajua. Lakini mwandishi akiambiwa kwamba mtu mweusi kwenye theluji anaruhusiwa kutetemeka tu, hapo hatuzungumzii uhalisia tena. Hiyo ni kazi ya kuagizwa.

Hebu mtazame Hemingway. Huku kwetu tunamjua kwa ile hadithi ya 1936 iliyobeba jina la theluji ya Kilimanjaro, ambamo theluji iko mbali, kileleni, ya kutazamwa na mtu anayekufa. Mtu huyo huyo alikaa majira ya baridi mawili Schruns, Austria, katikati ya miaka ya 1920, na katika A Moveable Feast, kilichotoka 1964 akiwa ameshafariki, theluji ya huko ina jasho. Lifti hakuna. Unafunga ngozi za sili chini ya skii ili usirudi nyuma, unapanda kwa mapaja yako mwenyewe, ndipo ushuke. Mlima wa Ulaya ukapewa ufundi na raha, wetu ukapewa mauti. Na sisi tumeupokea mgawo huo bila hata kuuliza.

Thomas Mann naye, katika The Magic Mountain ya 1924, anampeleka Hans Castorp kununua skii kule Davos, halafu anampoteza kwenye dhoruba. Castorp ni mtu wa Hamburg, nchi tambarare. Anajifunza ukubwani, kama mimi. Sijawahi kusikia mtu akisema mada ile haina Uhamburg.

Kisha kuna Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji aliyeanza skii 1996 na kufika Olimpiki ya Nagano 1998, mbio za kilomita 10. Alikuwa wa mwisho. Kila anayesimulia anakimbilia pale mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alipomsubiri mwishoni na kumkumbatia. Jamani, wema wa Mnorwe umeshasimuliwa vya kutosha! Mimi nataka kujua miguu iliyozoea ardhi ngumu ilijifunzaje kusukuma kitu kinachokimbia chini yake. Na kwa nini alirudi tena 2002 na 2006? Hiyo ndiyo riwaya, na haijaandikwa.

Maana kuteleza kwenyewe kunapingana na kila kitu mwili unachokijua. Kiatu kigumu kama kopo kinakukaba ugoko. Ukiogopa, mwili unataka kuegemea nyuma, mlimani. Ukiegemea nyuma tu, skii zinakuponyoka na umekwisha. Lazima uinamie bonde, uegemee huko huko unakokuogopa. Ukitaka kwenda kushoto, unakanyagia mguu wa kulia. Siku ya tatu, kwenye mteremko wa bluu, ule wa wanaoanza, nilipinda mara nne mfululizo bila kuanguka nikapiga kelele peke yangu kama mwehu.

Mtasema ni starehe ya wenye nazo. Kweli, tiketi ya lifti peke yake inauma. Lakini hiyo ni sababu ya kuandika zaidi: mashine zinazonguruma usiku kutengeneza theluji pale mbingu zilipogoma, na watu waliotoka mbali wanaotandika vitanda vya wageni. Katika makala yangu walikuwemo. Mhariri sijui kama alifika huko.

Kazi iliyobaki ni ya maneno. Poromoko la theluji lipo, mteremko upo. Fimbo nimeziita fimbo. Ile lifti ya viti vinavyoning'inia kwenye waya nimeiita bembea, na najua kuna msomaji atasema bembea haipandi mlima. Basi alete lake.